Akaunti Iliyokosekana Chilungule

Sidonia alimwamkia Mzee Matonya mara mbili, na mara zote mbili mzee hakuitikia. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha pampu, fimbo ameibana kwapani, mkononi ameshika ufunguo wa gari lao. Aliuchomoa mwenyewe injini ilipozimwa tu, fundi Thobias aliyekuwa akiendesha akiwa bado anafungua mkanda. Akawaambia, bila kupandisha sauti, kwamba ufunguo utarudi maji yakishatoka bombani. Yasipotoka, watalala hapohapo na mashine yao.

Nyuma ya mzee walikuwa wanawake wenye ndoo na madumu matupu, na wanaume wachache waliotoka machungani. Jiwe dogo liligonga bati la kibanda. Likafuata la pili. Mzee Matonya, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Chilungule, hakumkemea mtu.

Pampu ilikuwa imezima tangu juzi asubuhi. Kampuni ya akina Sidonia, yenye ofisi ghorofa ya pili pale Majengo mjini Dodoma, ilikuwa imefunga maboksi arobaini na moja katika vijiji vya Bahi, Chamwino na Chemba. Kila boksi lilikuwa kompyuta ndogo ya ukubwa wa tofali, yenye Linux ndani, mfumo unaoziendesha programu zake. Mhudumu wa kijiji anatuma meseji kwa simu yake, boksi linaisoma, pampu inawaka. Swichi ya mkono ilikuwepo, lakini kampuni ilikuwa imeifungia kwa kufuli ili isichezewe, na ufunguo wa kufuli hilo ulikaa Majengo.

Sidonia aliingia kibandani, akaunganisha kompyuta yake na boksi. Haikumchukua dakika kumi kuona tatizo, na kuona kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa ndani yake.

Ndani ya Linux kila programu inatembea na mamlaka ya mtumiaji fulani. Ikianza na mamlaka ya mtumiaji mkuu, yule ambaye mafundi wanamwita root, hakuna mlango unaofungwa mbele yake: inasoma faili lolote, inafuta chochote, inazima mashine nzima. Programu ya kampuni, waliyoiita Mpokeaji, ilihitaji ukubwa huo kwa sekunde chache tu, ili kuufungua waya unaokwenda kwenye pampu. Baada ya hapo ilibaki kusoma meseji za watu, na programu inayosoma maneno ya watu usiowajua haifai kubaki na rungu la namna hiyo mkononi. Kwa hiyo Sidonia alikuwa ameiandika upya. Ikishaufungua waya, Mpokeaji inajivua mamlaka yote, inageuka mtumiaji mdogo asiye na chochote, kisha inajifungia kwenye kizimba ambamo haioni mafaili ya wengine wala haiwezi kupanda cheo tena. Mwishoni akaongeza mistari minne: kujivua kukishindikana, Mpokeaji isiendelee. Ife.

Huyo mtumiaji mdogo alipaswa kuwa na akaunti yake ndani ya boksi, na kazi ya kuifungua akaunti ilikuwa ya fundi anayefunga. Kwenye boksi la Chilungule akaunti haikuwepo. Toleo hilo jipya, lililoanzia kwenye maboksi machache, lilipoingia juzi asubuhi, Mpokeaji iliomba igeuzwe mtumiaji mdogo, Linux ikajibu kwamba mtu huyo hajulikani, na Mpokeaji ikafa kama ilivyoagizwa. Mashine ikaifufua, ikafa tena. Ilikuwa imekufa mara elfu kadhaa.

Sidonia alifungua akaunti kwa amri moja. Pampu ikaunguruma. Nje watu walikimbilia gatini, kwenye mabomba ya kuchotea, na ndoo zikaanza kugongana, lakini Mzee Matonya hakuondoka mlangoni.

"Ilikuwa na nini?" aliuliza.

Sidonia angeweza kusema ni hitilafu ya umeme. Thobias alimkonyeza aseme hivyo. Yeye alieleza kama ilivyokuwa, kwamba kuna jina halikuandikwa, na kwamba yeye ndiye aliyeiagiza mashine ikatae kufanya kazi jina hilo lisipokuwepo, kwa usalama.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu Jenifa amejifungua jana kwenye zahanati hii unayoiona pale," alisema. "Hakukuwa na maji. Nesi amenawa mikono kwa maji ya lambo, yale yanayonywewa na ng'ombe. Asubuhi hii Jenifa amepelekwa mjini, anaungua kwa homa. Sasa nieleze tena hilo jina."

Mzee aliutupa ufunguo chini, kwenye vumbi, akaondoka. Walipokuwa wanageuza gari, jiwe la tatu lilivunja taa ya nyuma.

*

Kesho yake kulikuwa na kikao. Mkurugenzi Stumai, mwanamke aliyeijenga kampuni kutoka duka la kuuza paneli za jua, alikaa kichwani mwa meza. Kulia kwake alikaa Wilbert, aliyeandika Mpokeaji ya kwanza miaka minne iliyopita na ambaye hakuwahi kumsamehe Sidonia kwa kuiandika upya. Thobias alisimama ukutani kama mtu anayesubiri kuitwa na polisi.

Stumai aliuliza nani hakufungua akaunti. Sidonia alisema ni Thobias. Alilisema jina hilo haraka, haraka kuliko alivyokusudia, na Thobias alimtazama kwa jicho ambalo Sidonia alilikumbuka siku nyingi baadaye. Kabla ya saa ya chai Thobias alikuwa ameshakabidhi funguo na kushuka ngazi.

Kisha Wilbert akapata zamu yake. Alisema akaunti ni jambo dogo, kila fundi husahau. Jambo kubwa ni kwamba kuna mtu ofisini ameandika programu ya maji inayojiua. Toleo lake la zamani lilikuwa na kasoro zake, lakini halijawahi kumnyima mzazi maji ya kunawia.

Sidonia alijibu kwamba toleo la zamani lilikuwa linamwachia kila mwenye namba ya boksi mamlaka ya root. Wilbert akamuuliza ni nani amewahi kuyatumia. Sidonia akakiri kwamba hamjui.

"Mimi siweki kwenye kisima programu inayojiua," Stumai alisema. "Toa hiyo mistari minne leo."

"Siitoi, bosi. Ikitoka, Mpokeaji ikishindwa kujivua itaendelea ikiwa root na hakuna atakayejua."

"Basi Wilbert ataitoa."

Wilbert aliitoa palepale, kompyuta ikiwa mapajani, huku wote wanamtazama. Mahali pake aliweka mstari mmoja unaoandika kwenye faili la kumbukumbu kwamba kujivua kumeshindikana, kisha Mpokeaji inaendelea na kazi kama kawaida. Mchana toleo hilo lilikuwa limeshafika kwenye maboksi yote arobaini na moja. Saa kumi Sidonia alijaribu kuingia kwenye hifadhi ya programu, nywila yake ikakataliwa. Hakuna aliyemwambia. Siku iliyofuata alikuta kiti chake kimehamishiwa kwenye meza ya simu, karibu na mlango wa choo, ambako kazi ni kupokea malalamiko ya vijiji. Wenzake waliokuwa wanampitia kwenda kunywa chai waliacha kumpitia.

Jumamosi alikwenda hospitali na kilo mbili za unga wa uji na sabuni. Mzee Matonya alikuwa ameketi kando ya kitanda. Aliuchukua unga, akautoa nje ya wodi, akauweka sakafuni koridoni, akarudi kukaa. Jenifa alikuwa amelala ubavu na mtoto kifuani. Homa ilikuwa imeshuka, lakini midomo ilikuwa bado imepasuka. Alikuwa msichana wa rika la Sidonia, na alimtazama bila haya.

"Baba anasema wewe ndiye uliyeiagiza izime."

"Ndiyo."

"Ulijua kuna zahanati?"

"Sikuwaza," Sidonia alisema. "Niliwaza mtu mbaya anayetuma meseji."

Jenifa alimsogeza mtoto kifuani. "Huyo anayesoma meseji akigoma, agome yeye. Mwenye kuwasha pampu anagoma kwa nini? Kwetu anayejua kusoma akisafiri, ng'ombe wanakamuliwa vilevile."

Mzee alimwambia apumzike, na akamwonyesha Sidonia mlango kwa kidevu.

Alipofika koridoni alikaa kwenye benchi, pembeni ya unga wake mwenyewe, na hakuinuka kwa muda mrefu. Swali lile lilikuwa sahihi kabisa na yeye, mwenye shahada, hakuwahi kujiuliza. Alikuwa ameweka kazi mbili ndani ya programu moja, kusoma maneno ya watu na kushika waya wa pampu, kisha akaamuru vyote vife pamoja. Kumbe kazi zilitakiwa kutengana tangu mwanzo. Iwepo Mpokeaji, imefungwa kizimbani, isiyojua chochote ila kusoma meseji. Na iwepo programu nyingine ndogo, ya mistari michache, inayoshika waya tu na kuifuata ratiba ya jana hata kama hakuna meseji. Aliiita ya pili Mkono. Mpokeaji ikikataa, ikatae peke yake.

Aliandika hayo kwenye karatasi tatu, akampelekea Wilbert Jumatatu. Wilbert alisoma ukurasa wa kwanza nusu, akasema atauangalia akipata nafasi, akaweka kikombe cha chai juu yake.

*

Meza ya simu ilimfundisha mambo ambayo hifadhi ya programu haikuwahi kumfundisha. Wiki ya pili alipiga simu mama mmoja mhudumu wa upande wa Chemba. Kiswahili chake kilimpa tabu, na Sidonia aliposikia sauti za kugonga ulimi zikijipenyeza kati ya maneno, aliacha Kiswahili akamsalimu kwa Kisandawe, lugha ya kwao wote wawili. Mama akalegea, akaeleza. Boksi lilikuwa limeganda tangu asubuhi, lakini sasa limeamka, hataki fundi tena. Sidonia akauliza ameliamshaje.

Mama akamwambia kwamba aliandika kama Thobias alivyowafundisha. Unaandika neno la kuwasha, unaweka nukta-mkato, halafu unaandika lile neno la kizungu la kuizima na kuiwasha mashine. Wiki mbili zilizopita ilikuwa imegoma, sasa imerudi kukubali.

Sidonia alishika kalamu bila kuandika. Mpokeaji ya Wilbert ilikuwa na mstari wa zamani ambao uliichukua meseji nzima na kuipitisha kwa mashine kama amri, ili tu iandikwe kwenye kumbukumbu. Chochote kilichokuja baada ya nukta-mkato kilitekelezwa. Yeye alipokijenga kizimba hakuugusa mstari huo, alijua tu kwamba ndani ya kizimba amri yoyote ingegonga ukuta. Sasa ukuta haukuwepo.

Alimtafuta Thobias. Alimkuta kwenye kimeza cha kutengeneza simu, kati ya magunia ya karanga na alizeti pale sokoni Majengo. Thobias hakuinua uso.

"Umekuja kunitaja tena?"

Alimwambia amekuja kuuliza kitu kimoja, kama kweli alisahau akaunti.

"Sikusahau," Thobias alisema. Alipuliza vumbi kwenye simu iliyofunguliwa tumbo. "Nikiiweka, ile meseji ya kuamsha mashine inakataa. Nilipanda bodaboda masika mawili mpaka vijiji vya mwisho vya Chemba kwa ajili ya kubonyeza kitufe kimoja. Nilianguka, nikavunjika kidole, hamkuniuliza. Bila akaunti mashine ilikuwa inabaki root na mimi nilikuwa naiamsha nikiwa kitandani. Mpaka ulipoleta mistari yako minne."

"Ni mangapi hayana akaunti?"

"Yote niliyoyafunga mimi. Ishirini na sita. Na lile la maonyesho mezani kwa bosi wako." Hapo ndipo alipoinua uso. "Na meseji hiyo sikufundisha mtu mmoja. Sasa nenda, unanifukuzia wateja."

Sidonia aliandika barua pepe siku hiyohiyo kwa Stumai na Wilbert. Alieleza nukta-mkato, mstari wa zamani, maboksi ishirini na sita, na kwamba mtu yeyote mwenye namba ya boksi anaweza kulifuta lote kwa meseji moja. Stumai alimwita akamwambia kwamba mwaka huu amechoka na vitisho vyake. Wilbert alisema mbele ya wote kwamba binti wa simu anatafuta kurudishiwa kiti. Sidonia aliomba aonyeshe kwenye boksi la mezani, dakika moja tu. Alikataliwa. Wiki iliyofuata aliomba tena, akakataliwa tena, na safari hii Stumai alimwonya kwa maandishi.

*

Wageni kutoka kwa wafadhili wa mradi walifika siku ya Alhamisi. Aliyewaongoza alikuwa Injinia Obedi, mtu mfupi mwenye mvi, asiyecheka. Mezani liliwekwa boksi la maonyesho, na mahali pa pampu pakawekwa balbu. Sidonia aliitwa aketi mwishoni ili mgeni aone kwamba kampuni ina huduma ya simu.

Wilbert alituma meseji, balbu ikawaka. Akatuma nyingine, ikazima. Injinia Obedi aliangalia mara tatu, kisha akauliza swali ambalo Sidonia alikuwa amelilalia wiki tatu.

"Namba hizi za maboksi si siri. Mtu mwenye nia mbaya akiipata moja, atafanya nini?"

"Hawezi kufanya lolote," Wilbert alisema. "Programu inayosoma meseji haina mamlaka yoyote. Inajivua yote ikianza, iko kizimbani."

"Si kweli," Sidonia alisema.

Stumai alimwambia, kwa sauti ya chini sana, atoke nje. Sidonia alisimama, lakini hakwenda mlangoni. Alimwambia mgeni achukue simu yake mwenyewe, aandike neno la kuwasha, aweke nukta-mkato, kisha aandike amri ya kuzima mashine, na akamtajia herufi moja moja. Wilbert aliinuka nusu, akanyoosha mkono kuelekea boksi.

"Kaa," Injinia Obedi alimwambia.

Alituma. Balbu iliwaka kwa sekunde mbili. Kisha taa zote za boksi zikazimika, balbu nayo ikazimika. Wilbert alituma meseji ya kuwasha, kisha nyingine. Balbu haikuwaka. Simu ya mgeni, ambayo kampuni haikuwa na habari nayo dakika tano zilizopita, ilikuwa imeizima mashine yao kama mwenye nyumba.

Kama Sidonia alitegemea kushukuriwa, hakushukuriwa. Injinia Obedi aliiweka simu mezani akamgeukia yeye kwanza.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na maboksi yako vijijini hivi sasa, hivihivi?"

"Ishirini na sita."

"Wiki tatu ulimwambia nani?"

"Wakubwa wangu hawa wawili."

"Namba ya ofisi yetu imebandikwa kwenye kila kibanda cha pampu," Injinia alisema. "Umefanya kazi kwenye meza ya simu, ukashindwa kupiga simu. Ulitaka kumshinda huyu kijana hapa ndani. Wananchi wamekaa wiki tatu mlango wazi mkigombana."

Sidonia alijua ni kweli. Alikuwa amelala siku zote hizo akipanga namna Wilbert atakavyoaibika.

Injinia Obedi aliagiza laini za simu zitolewe kwenye maboksi yote arobaini na moja ndani ya siku mbili, makufuli ya swichi yakatwe, na wahudumu waendeshe pampu kwa mkono mpaka programu itakapopita ukaguzi wa watu wake. Kabla gari la wageni halijatoka mtaani, Stumai alikuwa ameshamkabidhi Sidonia barua ya kuachishwa kazi kwa kutoa siri za kampuni mbele ya wageni. Wilbert alibaki.

*

Sidonia alipata kazi kwenye duka la stesheneri mitaa miwili kutoka ofisi ile, ya kuchapa barua za watu na kurekebisha kompyuta zilizojaa virusi. Alisikia kwamba Jenifa alirudi kwao na mtoto mzima. Alisikia pia kwamba wahudumu wanamlaani yeye, maana wengine walitembea nusu saa kwenda kibandani kubonyeza swichi asubuhi na jioni, na kampuni iliwaambia ni kwa sababu ya binti mmoja aliyechongea.

Wiki ya sita Wilbert aliingia dukani. Alikuwa amekonda. Alisubiri mteja atoke, akasema bila salamu kwamba amezigawa kazi mbili, Mpokeaji na Mkono.

"Kama kwenye ile karatasi uliyowekea kikombe."

Wilbert alisema mistari minne ameirudisha, kizimba amekirudisha, lakini wakaguzi wa Injinia Obedi wamemrudishia kazi mara tatu. Wanasema Mpokeaji ikishajivua bado inasoma mafaili ya root. Ameangalia kila mahali. Ametumwa na bosi amuulize.

Sidonia aliendelea kuchapa barua ya mtu. Angeweza kusema hajui. Alitamani sana kusema hajui, amtazame akitoka mikono mitupu. Aliwaza yule mama wa Chemba na nusu saa yake ya asubuhi, na hata hivyo alimaliza ukurasa mzima kabla hajafungua mdomo.

"Unaanza kuvua nini?"

"Mtumiaji. Halafu makundi," Wilbert alisema. Kila mtumiaji wa Linux yumo kwenye makundi, na kila kundi lina ruhusa zake.

"Ukishakuwa mtu mdogo, nani atakuruhusu kuvua makundi ya mkubwa? Linux inakukatalia, unabaki umevaa. Vua makundi ya ziada kwanza, halafu kundi lako, mtumiaji awe wa mwisho. Na kila ukivua uliza kama kimetoka. Wewe huulizi. Hujawahi kuuliza."

Wilbert aliandika kwenye kiganja. Alipogeuka kuondoka Sidonia alimwambia kwamba hilo ni tatizo moja kati ya mengi, na kwamba wakaguzi watamrudisha mara ya nne. Yuko tayari kuiandika yeye, ofisini, mpaka ipite. Jina lake litabaki kwenye kazi, na mistari minne haitaguswa na mtu. Wilbert alisema bosi hatakubali. Sidonia akamwambia basi bosi amweleze Injinia Obedi hivyo. Wilbert alitoka nje akapiga simu. Kupitia dirishani Sidonia alimwona akisema maneno machache na kusikiliza mengi. Aliporudi alisema aje kesho.

Walifanya kazi siku nne meza moja, uso kwa uso. Wilbert aliwasalimu wote waliopita isipokuwa yeye. Stumai alipita mara moja, akaangalia kioo cha kompyuta ya Sidonia kama anaangalia uchafu, akaenda zake. Lakini kazi ilikwenda. Wilbert, alipoacha kubishana, alikuwa fundi mzuri. Ndiye aliyegundua kwamba Mkono haikuhitaji kuwa root hata kwa sekunde moja, inatosha ipewe ruhusa ya waya ule mmoja tu. Sidonia alilikubali wazo hilo bila kulisifu.

Majaribio yalifanyika kwenye kisima kimoja nje kidogo ya Zuzu, hatua chache kutoka relini. Ilikuwa saa nne asubuhi, foleni ya ndoo imefika mpaka barabarani. Sidonia aliingia kibandani, akaifuta akaunti ya mtumiaji mdogo kwa makusudi. Mpokeaji iliomba kujivua, ikamkosa mtumiaji huyo, ikafa. Taa nyekundu ya meseji ikawaka. Pampu haikubadili hata mngurumo. Mkono ilikuwa imeshika waya wake na ratiba yake. Nje maji yaliendelea kumwagika kwenye ndoo na hakuna aliyegeuza shingo.

Akairudisha akaunti. Mstari wa zamani walikuwa wameuacha kwa makusudi, kwa jaribio hili la mwisho. Wilbert alituma meseji ya Thobias, yenye nukta-mkato na amri ya kuzima. Mpokeaji iliisoma, ikajaribu, na kwenye kumbukumbu kukaandikwa kwamba hairuhusiwi. Kisha Wilbert aliufuta mstari huo mwenyewe, ule alioandika miaka minne iliyopita, na Sidonia akamwachia nafasi kwenye kibao cha herufi.

Walitoka nje. Wilbert aliwasha simu kumpa Injinia Obedi matokeo, akasita.

"Ungeigawa hivi mara ya kwanza, yule mama wa Chilungule asingeugua," alisema.

"Najua."

"Na mimi nisingefukuziwa Thobias, fundi wangu."

"Hilo nalo najua."

Sidonia alikuwa amebeba kwenye mkoba barua ya Stumai, iliyofika jana yake. Ilimrudisha kazini kwa sharti la kuandika kwamba siku ile mbele ya wageni alikosea. Alikuwa ameisoma mara mbili, na alishaamua kuirudisha bila sahihi. Kuhusu Jenifa angeandika kwamba alikosea hata mara kumi. Kuhusu siku ile, kosa lake lilikuwa kuchelewa, na Stumai hakuwa amemwomba aandike hilo.

Alitaka kumwambia Wilbert, kisha akaona hakuna haja. Mwanamke mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani na dumu mkononi aliwafikia kutoka nyuma na kuwauliza kwa ukali kama wamekuja kuchota au kusimama tu katikati ya njia za watu. Wakasogea, mmoja kulia, mwingine kushoto, na foleni ikapita kati yao.